UZI: Kwenda kuona chui milia India. Mageti, msimu, vibali, na namna ziara yako inavyomlinda au kumuumiza

#1 – Nyayo Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mwaka watu wetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanakwenda India kwa matibabu, masomo na biashara, na msitu wenye chui milia unaweza kuwa saa chache tu kutoka mji waliofikia. Wanaojaribu kwenda mara nyingi wanafika getini bila kibali na kurudishwa. Naomba uzi huu ubaki kwenye mambo ya vitendo, na anayejua zaidi aongeze.

Kwanza ondoeni kichwani picha ya Serengeti. Kule huingii na gari lako ukazunguka unakotaka. Kila geti lina idadi ya magari iliyowekewa kikomo, na kuna zamu mbili: alfajiri hadi kama saa nne au tano asubuhi, kisha alasiri hadi jua linapozama. Gari ni jeep ya wazi, wenyewe wanaiita Gypsy, inabeba watalii 6 pamoja na dereva na mwongozaji aliyesajiliwa na hifadhi. Hifadhi ya Ranthambore wana pia canter, gari la watu 20. Tofauti ya bei ipo, lakini canter haipiti kona nyembamba, ina kelele, na ikisimama kuna watu 20 wanaoinuka kwa pamoja. Kama uwezo upo, lipa Gypsy.

Kibali unakata mtandaoni kupitia tovuti rasmi ya idara ya misitu ya jimbo husika. Kinataja geti, tarehe, zamu, jina na namba ya pasipoti. Hakihamishiki kwa mtu mwingine. Kosa linalowaangusha wageni wengi ni kukata tiketi ya ndege na hoteli kwanza, halafu ndiyo wanatafuta kibali. Kwenye sikukuu ya Diwali, Krismasi hadi mwaka mpya, na wikiendi zote za Aprili na Mei, mageti mazuri yanajaa mapema sana.

Msimu: jimbo la Madhya Pradesh, kiini cha hifadhi (sehemu ya ndani inayolindwa zaidi) kinafunguliwa 1 Oktoba hadi 30 Juni. Julai hadi Septemba mvua za monsuni zinafunga barabara na kiini kinafungwa. Dhikala, ndani ya hifadhi ya Corbett, ni 15 Novemba hadi 15 Juni. Kuna siku za mapumziko pia: hifadhi za Kanha, Bandhavgarh na Pench hazina zamu ya alasiri siku ya Jumatano, na Tadoba imefungwa Jumanne. Wapo wanaopoteza siku nzima kwa kutojua hili.

Nani aende lini? Aprili hadi Juni ndiyo nafasi kubwa ya kumwona, kwa sababu maji yamebaki kwenye madimbwi machache na nyasi zimekauka. Lakini joto linapita nyuzi 40, mtu mwenye shinikizo la damu au aliyetoka kwenye upasuaji asijaribu. Desemba na Januari msitu ni mzuri, ila asubuhi za Kanha baridi inakaribia sifuri na gari halina paa. Beba koti, glavu na kofia ya sufi. Februari na Machi ndiyo miezi ninayowashauri wengi.

#2 – Zuhra wa Kibokoni

Asante kaka Nyayo. Kuna hili la chanjo. Ukitokea Kenya, kadi ya homa ya manjano inadaiwa au hawaangalii?

#3 – Nyayo Mbichi

Dada Zuhra, inadaiwa. Anayetokea Kenya, Uganda, Burundi au Kongo awe na kadi ya njano, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukikosa, sheria yao inawaruhusu kukuweka karantini hadi siku 6, na safari yako ya porini imeishia hapo. Anayetoka Tanzania akipitia Nairobi naye aibebe. Visa ya mtandaoni ipo kwa Watanzania na Wakenya, ombeni kwenye tovuti ya serikali ya India tu, maana kuna tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo.

#4 – Fundi Nyayo wa Mikumi

Niongeze upande wa kumtafuta, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Chui milia hatafutwi kwa macho kama simba wa nyika. Anatafutwa kwa masikio.

Sikilizeni wanyama wanaomwogopa. Chital, yule paa wa madoadoa, anatoa mlio mkali mfupi, lakini anashtuka ovyo: mbwa mwitu, chui wa kawaida, hata jani. Mlio wake mmoja usiukimbilie. Langur, kima mwenye uso mweusi, anakaa juu ya mti na anaona mbali, akikohoa mfululizo huku akitazama upande mmoja, kuna kitu. Sambar, kulungu mkubwa wa rangi ya udongo, ndiye shahidi wa kuaminika. Mlio wake ni mzito, anapiga mguu chini na mkia umesimama. Sambar akilia na kurudia, mwambie dereva azime injini. Dereva mzuri hakimbilii sauti. Anapima mnyama anaelekea wapi, anakwenda kumsubiri mahali njia inapokatiza au penye maji.

Nyayo: za dume ni pana, karibu mraba, za jike zimerefuka kidogo. Angalieni kama ukingo wa alama ni mkali au umeshaanza kumomonyoka, na kama kuna alama za wadudu au tairi juu yake. Nyayo zilizo juu ya alama za tairi za asubuhi maana yake amepita baada ya magari. Pia kuna harufu: anapomwaga alama yake mtini, hapo mahali pananukia kama wali wa basmati, kwa sababu kemikali inayotoa harufu ni ile ile. Ukiisikia porini usidhani kuna mtu anapika.

Muhimu kuliko yote: zamu moja haitoshi. Pangeni zamu 4 hadi 6 katika hifadhi moja badala ya zamu moja moja katika hifadhi tatu. Mwongozaji aliyemwona jana anajua jike yupo na watoto upande gani leo. Ukihamahama unaanza upya kila siku.

#5 – Kaskazi Moja

Hifadhi ipi basi? Ziko nyingi mno.

#6 – Nyayo Mbichi

Zimeshafika 58 zenye hadhi ya hifadhi ya chui milia. Kwa mgeni anayetoka Mumbai, kituo rahisi ni Nagpur. Pench kwa geti la Turia ni chini ya kilomita 100, Tadoba ni zaidi kidogo. Kanha ni mbali, kama kilomita 260, na ni rahisi zaidi ukitokea Jabalpur, ambako pia unafika Bandhavgarh. Kwa anayekaa Delhi, Ranthambore inafikika kwa treni: unashuka Sawai Madhopur, stesheni ipo kwenye reli kuu ya Delhi–Mumbai. Corbett unashukia Ramnagar.

Bandhavgarh na Tadoba nafasi ya kumwona ni kubwa. Kanha ina uzuri wa msitu wa miti ya sal na nyika zake, na ndiko aliko barasingha wa ardhi ngumu, kulungu aliyebaki makumi machache tu kabla ya kuokolewa hapo hapo. Corbett, chui milia ni wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote India, lakini nyasi ni ndefu na kumwona ni kazi. Idadi kubwa haina maana ya kuonekana kwa urahisi.

Usidharau mageti ya ukanda wa kinga, yaani nje ya kiini. Magari ni machache, kibali kinapatikana, na chui milia hawajui mpaka uko wapi.

#7 – Mwanamisitu

Hapo kwenye ukanda wa kinga nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo uhai wa huyu mnyama ulipo.

Chui milia mmoja anaua kama wanyama 50 wa ukubwa wa paa kwa mwaka. Ili mawindo yasipungue, anahitaji kundi la kama 500 linaloendelea kuzaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama hifadhi iko salama, usiulize chui milia wangapi, uliza chital na sambar wangapi. Mawindo yakiisha, anakwenda kwa ng'ombe. Akienda kwa ng'ombe, sumu inafuata.

Sumu inavyofanya kazi: chui milia akimaliza kula leo, haendi mbali, anarudia mzoga ule ule kwa siku kadhaa. Mwenye ng'ombe mwenye hasira anaunyunyizia dawa ya mashambani, na anakufa chui milia, watoto wake, fisi na tai. Ndiyo maana fidia ya haraka inaokoa zaidi ya bunduki. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: mfugaji anatoa taarifa mara moja, mzoga hausogezwi, askari na daktari wa mifugo wanakagua alama za meno kooni, na malipo ya awali yanatolewa siku hizo hizo. Ukichelewa miezi, mtu anajifunza kutotoa taarifa. Kwetu tuna kifuta jasho na kifuta machozi, na wote mnajua kilio cha wananchi ni ucheleweshaji. Tatizo ni lile lile.

Chui milia wanaokufa kwa nyaya ni jambo lingine. Kuna tanzi za waya wa breki za baiskeli na pikipiki zinazotegwa kwa nguruwe pori, na kuna waya wa umeme ulioibiwa kutoka laini ya volti 11,000 na kutandazwa chini gizani. Mlengwa ni nguruwe, lakini chui milia anapita njia hiyo hiyo. Kinga ni doria ya miguu chini ya laini za umeme, na shirika la umeme kutoa taarifa laini inapokatika ghafla usiku bila sababu.

#8 – Kijana wa Ilala

Mkuu Mwanamisitu, lakini si India wamefanikiwa? Idadi imepanda sana.

#9 – Mwanamisitu

Imepanda, na wamestahili pongezi. Project Tiger ilianzishwa 1 Aprili 1973 ikiwa na hifadhi 9, mwaka mmoja baada ya sheria ya kulinda wanyamapori ya 1972. Hesabu ya 2006 ilikuwa 1,411, ya 2010 ikawa 1,706, 2014 ikawa 2,226, 2018 ikawa 2,967 na 2022 wastani wa 3,682. Nepal nao wametoka 121 hadi 355 mwaka 2022.

Lakini someni pia yaliyotokea hifadhi ya Sariska. Kufikia 2005 ilithibitika hakuna hata mmoja aliyebaki, wote wameuawa na majangili, huku vitabu vya hifadhi vikisema wapo. Panna ikafuata, 2009 ikawa tupu. Sababu moja kubwa ilikuwa hesabu ya nyayo: askari anachora nyayo kwenye karatasi, kisha mtu ofisini anaamua ni za chui milia wangapi. Nyayo za mnyama mmoja zinabadilika kwenye mchanga, tope na vumbi, na hesabu ikawa inapanda kila mwaka bila mnyama kuwepo. Baada ya Sariska ndipo ilipoundwa mamlaka ya kitaifa ya kuhifadhi chui milia, NTCA, na njia ya kuhesabu ikabadilishwa.

Sasa wanatumia kamera mbili zinazotazamana pande mbili za njia, kwa urefu wa goti. Kwa nini mbili? Milia ya ubavu wa kushoto haifanani na ya kulia. Ukiwa na picha ya upande mmoja tu, unaweza kumhesabu mnyama mmoja mara mbili. Mwaka 2018 kamera ziliwekwa mahali 26,838, zikapiga picha zaidi ya milioni 34, na wakatambuliwa chui milia 2,461 mmoja mmoja kwa milia yao. Wengine waliobaki wanakadiriwa kitakwimu.

Sariska na Panna zimerudishiwa wanyama kutoka hifadhi nyingine, 2008 na 2009, na wamezaliana. Panna ilifaulu vizuri zaidi kwa sababu vijiji vya pembeni vilishirikishwa na kila mnyama alifuatwa mchana na usiku. Gharama yake ni kubwa kuliko ingekuwa kuwalinda wale wa mwanzo.

#10 – Zuhra wa Kibokoni

Na watu waliokuwa wakiishi humo ndani? Hilo halisemwi.

#11 – Mwanamisitu

Swali la haki, dada. Kanha ilihamisha vijiji vya Wabaiga na Wagondi, na miaka ile ya mwanzo walipata kidogo sana. Leo sheria ya haki za misitu ya 2006 inataka ridhaa ya familia, na fidia ya kuhama imepandishwa mwaka 2021 kutoka rupia milioni 1 hadi milioni 1.5 kwa familia. Tatizo ni kwamba ridhaa ya karatasi na ridhaa ya kweli ni vitu viwili. Ukikata barabara, shule na malisho ya kijiji, halafu ukaja na fomu, umeshawalazimisha.

Upo mfano mwingine. Hifadhi ya BRT (Biligiri Ranganathaswamy Temple) huko Karnataka, Wasoliga, wenyeji wa msitu huo, walitambuliwa haki zao za msitu mwaka 2011 wakiwa ndani ya hifadhi ya chui milia, na chui milia wapo hadi leo. Msimamo wangu: kiini kisichosumbuliwa kinahitajika kwa jike mwenye watoto, lakini kila familia inayohama lazima iwe imekubali kwa hiari, na ardhi mpya iwe na maji kabla hawajapakia mizigo. Mjadala wa kuwahamisha watu kutoka Ngorongoro kwenda Msomera umetufundisha kuuliza maswali haya.

#12 – Fundi Nyayo wa Mikumi

Barabara nazo msizisahau. Barabara kuu ya 44 ya India inapita pembeni mwa Pench na kukata ushoroba unaoiunganisha na Kanha. Baada ya kesi ndefu wakajenga vivuko 9 chini ya barabara, kimoja kina urefu wa mita 750, wanyama wanapita chini na malori juu. Kamera zimeonyesha chui milia wanavitumia. Barabara inayokatiza Mikumi yetu ina matuta na vibao, na wanyama wanaendelea kugongwa. Wahandisi wetu wakaangalie Pench.

Kwa nini ushoroba? Dume kijana anamwacha mama yake akiwa na miaka karibu miwili na anahitaji eneo lake. Akikosa njia anabaki kupigana au anaingia mashambani. Msitu usiounganishwa unazalisha ndugu kwa ndugu. Hifadhi ya Simlipal, jimbo la Odisha, chui milia wengi wana milia iliyopanuka hadi wanaonekana weusi, kwa sababu jeni moja imezunguka kwenye kundi dogo lililojitenga. Mwaka 2024 walipelekewa majike kutoka Tadoba kuongeza damu mpya.

#13 – Kaskazi Moja

Nimesoma watalii nao wanawasumbua. Je, tukienda tunasaidia au tunaharibu?

#14 – Nyayo Mbichi

Inategemea unavyokwenda. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha utalii ndani ya viini vyote kuanzia Julai, ikaruhusu tena Oktoba baada ya NTCA kutoa mwongozo: utalii usizidi asilimia 20 ya kiini. Wanaotetea utalii wana hoja, kwamba magari ya watalii ni macho mengi na jangili hapendi macho. Ni kweli kwa ile asilimia 20. Asilimia 80 iliyobaki inalindwa na askari wa miguu, na kazi yao kubwa ni wakati wa monsuni, hifadhi ikiwa imefungwa na maji yamejaa.

Madhara yanatokea hivi: mwongozaji mmoja anamwona jike na watoto, anapiga simu, magari 15 yanakuja mbio na kufunga njia mbele na nyuma. Jike anashindwa kuvuka, anawaacha watoto upande wa pili. Mwisho wa 2024 kwenye hifadhi ya Umred Karhandla magari yalimzingira jike na watoto wake watano, madereva na waongozaji wakasimamishwa kazi, na mahakama ikaingilia. Ndiyo maana hifadhi nyingi zimekataza simu ndani.

Wewe unachoweza kufanya: kabla gari halijaondoka mwambie dereva kwa kauli wazi kwamba hutaki akimbize na hutaki afunge njia, na kwamba bakshishi yake haitegemei kumwona chui milia. Sentensi hiyo inabadilisha asubuhi nzima, kwa sababu presha ya kukimbiza inatokana na mgeni. Kaeni umbali wa mita 20 au zaidi. Msivae nguo nyekundu wala manukato. Msitupe hata ganda la chungwa. Laleni kwenye nyumba za wageni za wanakijiji au loji isiyozungushia ukuta njia ya wanyama. Ukiona uzio mrefu wa umeme hadi mtoni, tafuteni kwingine.

Na yale maeneo ya Asia ya kusini-mashariki ya kupiga picha umemshika chui milia, tafadhali msiende. Wale ni wa mabandani, hawarudi porini, na baadhi ya mabanda hayo yamehusishwa na biashara ya ngozi na mifupa.

#15 – Mwanamisitu

Hilo la mifupa linatugusa moja kwa moja. China ilipiga marufuku mfupa wa chui milia mwaka 1993, lakini wanunuzi wapo. Waliposhindwa kumpata wakageukia simba. Afrika Kusini iliruhusu mifupa ya simba wa kufugwa kusafirishwa, na mwaka 2017 kiwango kilikuwa mifupa ya simba 800. Soko likishaamini mfupa wa simba ni sawa, simba wa porini wa kwetu naye ana bei, na kucha na meno yanaanza kutafutwa. Ukiona mtu anauza cheni ya kucha, iwe Kariakoo au Mumbai, usinunue hata kama anasema ni ya zamani. Huwezi kuivusha, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, inaikataza, na kwa sheria ya India utakamatwa.

#16 – Zuhra wa Kibokoni

Mimi nina hamu na Sundarbans, ule msitu wa pwani wa India na Bangladesh, kwa sababu ya mikoko. Nimeona inafanana na ya Lamu.

#17 – Fundi Nyayo wa Mikumi

Nzuri sana dada, lakini nenda kwa ajili ya msitu. Kumwona chui milia kule ni bahati adimu. Unatoka Kolkata kwa gari hadi Godkhali, mwendo wa kama saa tatu, kisha boti. Vibali na mwongozaji ni Sajnekhali. Novemba hadi Februari ndiyo muda wake, baada ya hapo dhoruba za bahari. Hushuki kwenye boti isipokuwa kwenye minara iliyozungushiwa uzio. Muulize nahodha ratiba ya maji kupwa na kujaa: maji yakipwa tope linaonekana, na nyayo na mamba wanaonekana.

Watu wanaouawa kule ni wavuvi, wakamata kaa na warina asali wanaoingia vijito vyembamba. Upande wa India wameweka nyavu za nailoni kando ya vijiji, kwa sababu chui milia haruki nyavu zinazolegea. Zikitoboka na zisishonwe siku hiyo hiyo, anapita. Wahindu na Waislamu wa huko wote humheshimu Bonbibi, mlinzi wa msitu, kabla ya kuingia.

#18 – Kijana wa Ilala

Nina siku 4 kutoka Mumbai, mwezi Februari. Nipangieni.

#19 – Nyayo Mbichi

Hifadhi moja tu: Pench. Kata vibali vya Turia kwanza, zamu nne, ukikwepa Jumatano alasiri. Siku ya 1 ndege ya asubuhi Mumbai–Nagpur, gari la kukodi mwendo wa saa mbili hadi Turia, pumzika. Siku ya 2 zamu zote mbili. Siku ya 3 zamu zote mbili, na ukipata nafasi badilisha moja uende geti la ukanda wa kinga. Siku ya 4 rudi Nagpur, ndege ya jioni. Kama Turia imejaa, angalia Sillari upande wa Maharashtra, ni msitu huo huo wenye tovuti nyingine ya kibali.

Jina kwenye fomu liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama yapo matatu. Beba pasipoti yenyewe, nakala haikubaliki getini. Fika dakika 30 kabla ya geti kufunguliwa, maana gari likichelewa zamu inahesabika imetumika na hurudishiwi pesa.

#20 – Kijana wa Ilala

Nimepata Turia zamu tatu kati ya nne. Ile ya nne nimeweka Sillari. Asante sana wakuu.